Jembe Si Adhabu



Siku ya soko hapa Lweba, mtu akisimama kando ya Barabara ya Taifa namba 5, ile itokayo Uvira kwenda Baraka na Fizi, ataona jambo ambalo sisi tumelizoea hata hatulioni tena. Mama mmoja ananunua mafungu mawili ya lengalenga na nyanya tano. Atoa faranga katika pindo la kitenge, apokea mboga, arudi nyumbani. Nyuma ya nyumba yake kuna kiwanja kitupu, hatua kumi kwa hatua kumi na mbili, kimejaa magugu na mifuko ya plastiki. Watoto wake watano wamekaa chini ya mwembe wakimngoja awapikie. Ziwa Tanganika liko pale pale, maji hayakosekani. Mvua yaanza Septemba na kuendelea hata Mei. Lakini lengalenga, mboga iotayo hata mahali isipopandwa, yanunuliwa kwa fedha.

Ukimwuliza mama huyo kwa nini watoto hawalimi, atakujibu, "Watoto wangu ni wanafunzi." Ukimwuliza baba yao, atakujibu kwa sauti kubwa zaidi, "Nimewapeleka shule ili wasishike jembe kama mimi."

Neno hilo la baba ndilo tunalotaka kulipinga leo. Twalisikia barabarani, twalisikia penye pombe, twalisikia hata mlangoni mwa kanisa baada ya misa. Limekuwa kama hekima. Sisi twasema si hekima. Ni neno linalowanyima watoto wetu chakula, linawanyima elimu, na tena linawafanya wageni katika nyumba waliyozaliwa.

Kwanza tujiulize, chuki hii ya jembe ilitoka wapi? Haikutoka kwa babu zetu. Kwao jembe lilikuwa mali, na msichana aliyeolewa bila kujua kulima aliwaaibisha wazazi wake. Chuki hii ililetwa. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya mazao ya lazima: wanakijiji waliweza kulazimishwa kulima zao lililochaguliwa na serikali hata siku 60 kwa mwaka. Asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Katika bonde la Ruzizi na mahali pengine pengi zao hilo lilikuwa pamba, na pamba hailiwi. Baadaye nchi ikajitawala, na wakati wa Mobutu ikaja salongo, kazi ya lazima ya kulima na kufagia chini ya macho ya wakubwa. Hivyo wazee wetu, na watoto wao baada yao, walijifunza somo moja: jembe ni kitu unachoshikishwa na mtu mwenye nguvu kuliko wewe, na mavuno yake si yako.

Halafu sisi wenyewe tukaliendeleza somo hilo shuleni. Twakumbuka shule moja, hatutaitaja jina. Mtoto akichelewa, jembe. Akipiga kelele, jembe. Akishindwa hesabu, aende akapalilie bustani ya mwalimu. Aliyejua kujibu alibaki darasani kivulini; aliyeshindwa alitumwa juani. Je, mtoto mwenye akili atafikiri nini? Atafikiri kwamba kulima ni fungu la wajinga na wakosefu. Na sisi wazazi tulifanya hivyo hivyo nyumbani. "Umevunja sahani? Nenda ukalime!" Basi tusishangae kwamba kijana wa miaka kumi na minane analiona jembe kama mfungwa anavyoiona minyororo. Sisi ndio tuliomfundisha.

Lakini wazee waliotuachia lugha hii walituachia pia methali, na methali yao yatupinga uso kwa uso. Walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huicheka methali hiyo, wakidhani ni maneno ya kumfukuza mgeni mvivu. Tuitazame vizuri. Siku ya kwanza na ya pili mgeni hapewi jembe kwa sababu si mtu wa nyumba ile; anapikiwa, anaandaliwa mkeka, anaangaliwa. Siku ya tatu anapewa jembe kwa sababu sasa amekuwa mwenzetu, na anakula chungu kimoja nasi. Kumbe jembe si adhabu, ni alama ya kuwa mtu wa nyumbani! Basi, ndugu zetu, yule mtoto aliyezaliwa katika nyumba yako, aliyekula chungu chako miaka kumi na minne, na hujampa jembe hata siku moja, umemfanya nani? Umemfanya mgeni wa siku ya pili. Ndiyo maana anadai chakula kama mgeni, analalamika mboga kama mgeni, na siku moja ataondoka kama mgeni, bila kugeuka nyuma.

Sasa twaja kwa neno la masomo, maana hilo ndilo ngao yao kubwa. Wasema, "Jembe litamharibia mtoto masomo." Je, ni kweli?

Tuchukue mfano wa mtu ambaye dunia nzima yamjua. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, karibu na Nyeri, nchi ya Kenya. Alipokuwa mtoto mdogo, mama yake alimkatia sehemu ndogo katikati ya shamba lake, iwe bustani ya mtoto mwenyewe. Msichana yule akapanda mbegu zake. Kwa kukosa subira akawa anazifukua kutazama kama zimeota, mpaka mama yake akamwonya aziache zifanye kazi yake. Je, bustani ile ilimfanya mjinga? La, hasha! Alisoma kwa masista wa Kikatoliki, akaenda Marekani kusoma elimu ya viumbe, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mikono iliyopokea tuzo ile ilikuwa imezoea udongo tangu utoto. Baba wa Lweba anayeficha jembe ili mtoto wake awe mkubwa, na atuambie: anamtaka awe mkubwa kuliko huyo?

Tena, bustani yenyewe ni darasa. Mpe mtoto wa darasa la nne kamba na kijiti, umwambie apande maharagwe katika tuta lenye urefu wa mita 4 na upana wa sentimita 120. Mistari iachane sentimita 40, mashimo yaachane sentimita 20. Mistari mingapi? Mitatu. Kila mstari mashimo mangapi? Ishirini. Yote pamoja ni 60, na kila shimo mbegu mbili, basi ahesabu mbegu 120 kabla ya kutoka nyumbani. Hiyo ni hesabu ile ile ya ubaoni, ila hii inaota! Baada ya wiki chache ang'oe shina moja, atazame vinundu vidogo penye mizizi. Humo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutwaa hewa na kuigeuza kuwa mbolea. Mtoto aliyeviona kwa macho yake hatalisahau somo lile, hata mtihani ukiisha.

Na saa za masomo hazipungui. Hatusemi mtoto alime kutwa. Saa moja ya Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, na nusu saa ya kumwagilia jioni, si adui wa kitabu. Adui wa kitabu ni tumbo tupu.

Hapa ndipo penye uchungu wenyewe, wapenzi wasomaji, na hatutaki kupazunguka. Watoto wetu wengi wanashiba bila kulishwa. Ugali wa muhogo hujaza tumbo, lakini muhogo ni wanga karibu mtupu. Hauna nguvu ya kujenga mwili. Mtoto anayekula ugali na maji ya chumvi siku baada ya siku, tumewaona wote: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, uso unajaa, macho yanapoteza uchangamfu. Jirani husema, "Amelogwa." Hakulogwa. Amekosa maharagwe, ndagala, karanga na majani mabichi. Maharagwe makavu yana karibu gramu 20 za kujenga mwili katika kila gramu 100. Lengalenga, sombe, majani ya viazi, na viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani vina vitamini A, ambayo hulinda macho. Sombe itwangwe vizuri na kuchemshwa sana, maana ikiwa mbichi ina sumu; mama zetu walijua hayo kabla ya waganga wa hospitali. Ndagala ziwa latupa siku linapokuwa na ukarimu. Lakini maharagwe na majani yaweza kutoka hatua ishirini kutoka mlangoni. Lengalenga huchumwa baada ya wiki tatu au nne tu. Ni nani asiyeweza kungoja wiki nne?

Wengine hutujibu, "Mashamba yetu yako mbali, milimani, na huko kuna watu wenye silaha." Ni kweli, wala hatuwadharau wanaosema hivyo. Vita imetufundisha kuogopa. Mwaka 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na wengi wakakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Huko chakula kilipimwa kwa idadi ya vichwa, na mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi kutafuta shamba. Ilipofika Oktoba 2005 safari za meli za kuwarudisha watu Baraka zilianza. Wakashuka vijana waliozaliwa kambini, wenye miguu yenye nguvu na akili nzuri, ambao hawakupata kamwe kuona muhogo wa baba yao ukikua. Hatuwalaumu. Lakini tukumbuke pia kwamba hata kule kambini akina mama wengi walipanda mboga kando ya vibanda vyao, katika udongo wa kuazima. Ikiwa mkimbizi aliweza kupanda katika kipande kidogo kisicho chake, sisi tulio katika kiwanja chetu tutatoa udhuru gani? Bustani ya nyuma ya nyumba ndiyo shamba lisilohitaji kuvuka mlima. Kwa sababu ile ile ya hofu, yatupasa kulima karibu.

Sasa twageukia ninyi baba wa familia, na msikasirike. Mara nyingi tukisema "familia ilime pamoja", ninyi husikia "mama na wasichana walime". Mama aamka kabla ya jogoo, achota maji, apika, alima, abeba kuni, na jioni apika tena. Kaka yao yuko barabarani akitazama pikipiki zipitazo. Baba yuko kitini. Halafu twasema familia imelima! La. Hapo amelima mtu mmoja, wengine wamekula. Mvulana humwiga baba yake, hamwigi mama yake. Siku akikuona wewe, bwana mkubwa, umekunja suruali na kushika jembe bila kugombezwa na mtu, siku hiyo jembe litapata heshima machoni pake. Bila hivyo, maneno yote haya ni upepo.

Kanisa latuonyesha Maisidori wawili, na sisi twaona inafaa kuwaweka pamoja. Mmoja ni Mtakatifu Isidori Mkulima wa Madrid, mfanyakazi wa mashamba, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1622. Mke wake Maria naye ni mwenye heri. Watu wa ndoa moja waliofika kwa Mungu kwa njia ya kulima na kusali. Wa pili ni Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana wa Kongo yetu, aliyefanya kazi katika shamba kubwa la kampuni. Msimamizi alimpiga kikatili kwa ajili ya skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa, na tarehe 15 Agosti 1909 akafa kwa majeraha yale, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1994. Shamba la kiboko na shamba la familia ni vitu viwili. La kwanza twalikataa pamoja na Bakanja. La pili twalipenda pamoja na Isidori na Maria. Kosa letu ni kwamba, kwa kulichukia la kwanza, tumelitupa na la pili.

Twajua pia mtu atasema, "Hayo ni kuwatumikisha watoto, na sheria yakataza." Huyo twamshukuru, maana neno lake ni la haki. Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 yawalinda watoto, na ni vema. Mtoto abebaye mawe machimboni, mtoto atolewaye shule ili alime shamba la mtu mwingine, mtoto abebeshwaye mzigo unaomshinda, hao wanaonewa, na wazazi wao watajibu. Lakini kazi ya familia ina alama zake. Mtoto hafanyi peke yake, anafanya kando ya baba na mama. Jembe lake ni dogo, lenye mpini wa kimo chake. Kazi inakwisha kabla hajachoka, wala haigusi saa za shule. Na matunda yake yanafika katika sahani yake mwenyewe. Alama moja ikikosekana, acha. Zote zikiwapo, usiogope maneno ya mtu.

Na mbuzi? Ndiyo, mbuzi! Mara mia tumeambiwa, "Tukipanda, mbuzi wa jirani watakula." Mbuzi hana kosa, kosa ni la mwenye mbuzi, na pengine mwenye mbuzi ni sisi. Jamii inayoweza kukutana kwa ajili ya harusi na kilio yaweza kukutana jioni moja kukubaliana kwamba wakati wa masika kila mbuzi afungwe kamba. Na ua wa matete au wa miti haukosekani kwetu; watoto wenyewe wataujenga kwa furaha kuliko wajengavyo nyumba za mchezo.

Basi tufanye nini? Twaomba mambo machache tu, na yote yanawezekana mwaka huu.

Kwanza, tangu leo jembe lisiwe adhabu tena, nyumbani wala shuleni. Mtoto akikosa, mwonye, mrudi kwa njia nyingine. Hata siku moja usimtume bustanini kwa hasira. Ninyi walimu, twawasihi kwa heshima: bustani ya shule iwe somo, na wale wanaofaulu wawe wa kwanza kuingia.

Pili, kila mtoto awe na tuta lake. Dogo, hata la hatua mbili. Achague mwenyewe atakachopanda, hata kama atachagua vibaya. Akitaka karanga, apande karanga. Zikifa kwa kukosa maji, usimcheke, wala usizimwagilie kwa siri usiku. Aone. Mwaka ujao atamwagilia.

Tatu, kile alichovuna kitajwe mezani. Baba aseme mbele ya wote, "Leo tunakula biringanya za Maria," au jina lolote alilo nalo mtoto wako. Neno hilo dogo litafanya kazi kuliko hotuba hii yetu yote. Akivuna kingi, auze kidogo sokoni, anunue daftari lake. Hapo ataona kwa macho kwamba jembe na daftari si maadui.

Nne, baba awe wa kwanza kuamka Jumamosi.

Sisi tunaoandika haya hatujitoi katika lawama. Nasi tuliwatuma watoto wetu kulima kwa hasira, nasi tulinunua lengalenga tukiwa na kiwanja kitupu, nasi tulisema mbele ya wageni kwa majivuno, "Mwanangu hajui hata kushika jembe." Tuliona ni sifa. Sasa twaona aibu. Siku moja watoto wale watakuwa wazazi, na huenda kazi ya ofisi waliyoahidiwa haitakuwapo, maana ofisi ni chache na wenye shahada ni wengi. Siku hiyo, akiwa na shahada mkononi na watoto wenye njaa nyuma yake, atatuuliza, "Baba, kwa nini hukunifundisha?" Tutamjibu nini?

Ajizi ni nyumba ya njaa. Mvua ya Septemba haimngoji mtu. Tafuta mbegu, kata mpini mfupi, uite jina la mtoto wako kwa upole, umpe jembe kama mgeni wa siku ya tatu, umwambie: wewe ni wa nyumba hii.